Kochi lililotoka kwenye kitanda cha bibi: uchambuzi wa oda moja ya fenicha Dar

## Kabla ya yote

Hii oda niliisimamia mwenyewe. Mimi nachora na kupanga kazi, randa sishiki. Karakana iko upande wa Keko, na mtu wa Dar akisikia Keko na fenicha hana haja ya maelezo zaidi. Majina nimeyatoa, mtaa wa mteja nimeutoa, na mambo mawili matatu ya familia yake nimeyageuza ili asijulikane, ila vipimo, hela na makosa nimeviacha vilevile. Makosa mengi ni yangu, nasema mapema kabisa ili msomaji asianze kumtafuta mchawi kwa mafundi.

## Mteja na alichokuwa anakitaka

Mteja ni mama wa makamo, asili yake Unguja, yuko Dar zaidi ya miaka 30. Anakaa apatimenti ghorofa ya 5, sebule ya mita 4 kwa 5 hivi, taili nyeupe, TV ya ukutani, kiyoyozi kinawaka asubuhi mpaka usiku. Alikuja kwetu mwanzoni mwa Machi. Binti yake alishaposwa na wakwe walikuwa wanakuja kuleta mahari mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo tulikuwa na wiki 9, na wiki zenyewe ndo zile za masika. Alitaka kochi la watu watatu, viti viwili vya mtu mmoja mmoja, meza ya kahawa na kabati la TV. Bei tulikubaliana milioni 6.8, advansi asilimia 60.

Maneno yake yalikuwa haya: "Mwanangu, nataka mtu akiingia ajue hapa ni kwa Mswahili, lakini mimi sitaki kuishi makumbusho."

Niliyaandika kwenye daftari nikaona nimeelewa. Sikuwa nimeelewa.

Alikuwa na vitu viwili vya urithi kutoka kwa bibi yake. Kimoja ni kitanda cha samadari, kile cha zamani cha mbao chenye miguu ya mapambo, kilichofunguliwa vipande vipande, kimefungwa kwa shuka kuukuu na kuegemezwa nyuma ya mlango wa stoo, matendegu mawili, yaani miguu, yameshaliwa na mchwa. Cha pili ni kiti cha enzi, kizima kabisa isipokuwa nyuzi za mgongoni zimekatika. Kwa wasiokijua, kiti cha enzi ni kile kiti kikubwa cha mbao nyeusi cha karne ya 19 kilichokuwa kinatengenezwa Lamu, Siyu, Pate na Unguja, mgongo mrefu umenyooka, una vidirisha vilivyowambwa kwa uzi wa pamba, njumu (vipande vya mapambo vilivyopachikwa ndani ya mbao) za pembe ya ndovu au mfupa, na kibao cha kuwekea miguu. Hakikuwa kiti cha kula ugali. Alikalia mwenye nyumba mkubwa au mgeni wa heshima, wengine chini kwenye mkeka.

Jambo ambalo nililijua kichwani ila sikulitumia mapema ni kwamba vitu hivi vyenyewe ni mchanganyiko tayari. Samadari nyingi zilikuja na majahazi kutoka India, misumari ya shaba kwenye milango ya Unguja ina undugu na Gujarati, sahani kwenye vidaka, vile vishubaka vya ukutani, vya nyumba za Lamu zilitoka Uchina. Mswahili wa zamani hakuogopa kuchanganya, alijua tu kitu gani kikae wapi. Sisi ndo tulianza kwa kuogopa.

## Jaribio la kwanza: mlango umelala

Tulifanya kile ambacho karakana nyingi mjini zingefanya. Tukachukua dizaini ya kochi la kisasa la kona nne, nyepesi, ya kwenye picha za Pinterest, halafu tukalipamba. Nakshi tukaenda kukatisha kwenye mashine ya kompyuta kwenye mbao ya unene wa milimita 12, maua ya yungiyungi na mnyororo ule wa kuzunguka fremu ya mlango, tukazigundisha mbele ya kochi na pembeni. Juu yake misumari ya shaba 36. Vanishi ya kung'aa. Kwenye simu lilipendeza sana, nakumbuka nilipiga picha nikawatumia watu watatu kabla hata ya kumtumia mteja.

Mama akaja karakana wiki ya 3. Akalizunguka mara moja, mkoba mkononi. Fundi mkuu akamvutia kigoda, hakukaa. Akauliza, "Hii ni nini, mlango umelala?"

Vijana wakacheka wakageukia ukutani. Mimi nikajaribu kutetea, nikasema mama hizi nakshi ndo zenyewe za Mji Mkongwe. Akasema anajua, ndiyo maana anauliza, kwa sababu kule ziko mlangoni. "Bibi yangu hakukaa juu ya mlango." Halafu akakalia kidogo kwa kunipa heshima, na msumari mmoja wa shaba kwenye ukingo wa mkono wa kochi ukavuta uzi wa baibui lake.

Laki 7 na 80 zikaishia hapo, mbao, kukatisha nakshi, shaba na siku 11 za mafundi. Hiyo hasara sikumdai, na sioni ningemdaije.

Nikirudi nyuma naona kosa halikuwa nakshi mbaya. Zilikuwa safi tu. Kosa ni kwamba kochi lilikuwa kochi kamili bila zile nakshi, ungezibandua usiku asubuhi lingesimama vilevile. Uzamani ulikuwa koti tu limevalishwa, tena la mtu mwingine. Mlango wa Unguja unazungumza na mtu anayepita barabarani, unamwambia mwenye nyumba ni nani. Kochi linaongea na mgongo wa mtu. Ukihamisha maneno ya kwanza kuyapeleka kwa pili unapata kelele.

## Siku ya lifti

Kilichotuokoa ni lifti, na ni aibu kusema hivyo kwa sababu lifti nilitakiwa niipime siku ya kwanza.

Nilienda kwa mteja kupima kiti cha enzi upya, nikiwa natoka nikaingia kwenye lifti na futi kamba mkononi nikapima tu kwa mazoea. Mlango sentimita 80, ndani 110 kwa 140, kimo mita 2 na kidogo. Kochi letu lilikuwa na urefu wa sentimita 210 na kina cha 85. Haliingii. Ngazi ndo kabisa, zina kona mbili kila ghorofa na reli ya chuma. Yaani hata mama angelipenda lile kochi la mlango, lingekaa chini kwenye maegesho.

Nikarudi karakana nimenyong'onyea. Fundi mkuu ni mzee wa miaka 60 na kitu, kajifunza kukereza, yaani kuchonga mbao ikizunguka kwenye mashine, kwa baba yake mdogo, kazi ya samadari aliwahi kuifanya kijana. Nikamwamkia shikamoo mzee, nikamwambia hali ndo hiyo, kochi lazima lifunguke. Alikuwa anakunywa chai. Akaniuliza, "Kile kitanda cha bibi yake kilipandaje?"

Nikasema kilipanda vipande.

"Sasa?"

Akaweka kikombe chini, akachukua kipande cha mkaa akachora sakafuni: matendegu 4, mifumbati 2 ya urefu, vitakizo 2 vya kichwani na miguuni, kila ncha ina ulimi unaoingia kwenye tundu la tendegu. Halafu akafuta mfumbati mmoja kwa kiganja akauchora upya juu zaidi, ukawa mgongo. Vitakizo vikawa mikono. Kitanda kikawa kochi mbele ya macho yangu kwa mistari kama 10 hivi. Na ukifikiria, kitanda cha Kiswahili mchana kilikuwa kiti muda wote, watu walikaa juu yake wakapiga soga, kwa hiyo hata hakubuni kitu kigeni, alikumbuka tu.

Kuanzia hapo kazi ikawa kazi.

## Maamuzi, moja baada ya jingine

Muundo. Kochi likawa la kufungua, matendegu na mifumbati ya mninga, boliti za kitanda za kawaida zimefichwa kwa ndani na kufunikwa na vifuniko vidogo vya mpingo. Fundi alitaka kigingi cha mbao kama zamani. Nikakataa kwa sababu mteja atahama siku moja na atakayemfungulia atakuwa kijana wa kirikuu mwenye spana, hatakuwa fundi wa samadari. Hapa usasa ulishinda na sijutii.

Matendegu. Huu ulikuwa ugomvi wa siku mbili nzima. Tendegu la bibi limekerezwa pete 7, tumbo, shingo, mpaka kikombe cha chini. Fundi mkuu alitaka 7 kwa sababu ndivyo lilivyo. Mimi nilitaka mguu mtupu ulionyooka na kuchongoka chini kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuchora. Tukakereza sampuli tatu kwenye vipande vya mpaini: pete 7, pete 2, bila pete. Mama akazipanga juu ya meza ya karakana, akaondoa ile ya 7 ("hii inanikumbusha kufuta vumbi"), akaondoa yangu ("hii inaweza kuwa ya mtu yeyote"), ikabaki ya 2. Pete mbili karibu karibu, chini kidogo ya mahali mfumbati unapoingia, kisha mguu unashuka laini mpaka chini. Ukweli ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na hakuna kati yetu wawili aliyekuwa anaitaka.

Viti viwili. Kiti cha enzi ukikipima unaelewa kwa nini watu wa zamani kwenye picha wamekaa vile. Hiki cha bibi kitako kiko sentimita 51 kutoka chini, mgongo umesimama karibu nyuzi 90 kamili, bila kibao cha miguu mtu mfupi ananing'inia. Ni kiti cha kuonekana umekaa. Mtu wa leo anataka kuegemea aangalie taarifa ya habari. Tukashusha kitako mpaka 43, tukalaza mgongo mpaka nyuzi 102, kibao cha miguu tukakitoa. Kilichobaki ni vitu vitatu tu: mgongo mpana wa fremu moja uliogawanywa kwa vidirisha, mikono iliyonyooka bila kupinda, na kuwamba. Mtu akiingia anakijua kile kiti kabla hajajua kwa nini anakijua.

Nilimwonyesha fundi picha ya kiti cha Hans Wegner, yule Mdenishi aliyeanza miaka ya 1940 kuchora viti kutokana na viti vya Kichina vya enzi ya Ming, na mwaka 1949 akachora kile cha mgongo wenye umbo la Y ambacho kitako chake kinasukwa kwa mita kama 120 za uzi wa karatasi. Nilitaka kumwonyesha jinsi mtu anavyochukua cha zamani bila kukinakili. Yeye akakuza picha kwa vidole viwili akaangalia kitako tu. "Huyu kawamba vizuri." Basi, mambo ya Ming yakaishia hapo.

Mbao. Mpingo wa kiti kizima hatukuufikiria hata kidogo. Mti wenyewe ni mwembamba na umejipinda, mzito mpaka unazama majini, bei yake tusiiseme, na tangu Januari 2017 jamii yake nzima, Dalbergia, iko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata ukitaka kumpelekea mtu nje kuna makaratasi. Tukatumia mninga kwa fremu zote, na mpingo tukanunua vipande vilivyobaki kwa wachonga vinyago Mwenge, vya ukubwa wa kiganja, kwa ajili ya vifuniko vya boliti na mstari mmoja wa njumu kwenye mikono ya viti.

Njumu. Pembe ya ndovu haikuwa mjadala, biashara yake ya kimataifa ilifungwa tangu uamuzi wa 1989 na hata ingekuwa halali nisingeigusa. Tukaenda Vingunguti machinjioni tukapata mifupa mirefu ya ng'ombe. Kuichemsha na sabuni kutoa mafuta ni kazi ya kutwa, na harufu yake, dah, jirani yetu wa magodoro alikuja mara mbili, mara ya pili hakusalimia. Baada ya hapo tukailoweka kwenye haidrojeni peroksaidi ikawa nyeupe, tukakata vialmasi vya milimita 12, barakoa usoni maana vumbi la mfupa si la kuchezea. Vipande 28 kwa viti viwili, 14 kila kimoja. Kwenye kochi hatukuweka hata kimoja. Hilo lilikuwa wazo la mama mwenyewe, alisema vitu vyote vikipambwa hakuna kilichopambwa.

Kuwamba. Hapa ndo nilijifunza zaidi. Tulijaribu kamba ya katani kwanza, ina rangi nzuri lakini inachoma mgongo na inamwaga nyuzi kwenye nguo. Nailoni ya wavuvi inateleza na inang'aa kama begi la sokoni. Tukarudi kwenye pamba, kamba ya milimita 4 tuliyoipata Kariakoo. Fundi akawamba mgongo wa kiti cha kwanza akiilowesha kidogo ili ikaze, ikakaza kweli, ukiigonga inalia kama ngoma. Tukakiweka ofisini kwa mwenye godauni kwenye kiyoyozi siku 5 kukijaribu. Ikalegea, ukiweka kiganja inazama.

Sababu ni hii: kamba iliyosokotwa ikilowa nyuzi zinavimba na kamba inafupika, ikikauka inarefuka tena. Ukiwamba ikiwa na maji unawamba urefu ambao si wake. Zamani kwenye hewa ya pwani hilo halikuwa tatizo kubwa, unyevu ulikuwepo ndani na nje. Kwenye apatimenti yenye kiyoyozi ni tatizo. Dawa ikawa kuiloweka kamba usiku kucha, kuianika, kuitundika na mzigo wa mawe siku 2, halafu kuiwamba ikiwa kavu kabisa. Na kwa sababu sasa inavutwa na nguvu za mikono tu, fremu ya mgongo ikaanza kujikunja kwa ndani kama milimita 4, ikabidi tuongeze upao mmoja katikati. Upao huo ndio uliogawa vidirisha vizuri zaidi kuliko mchoro wangu, kwa bahati tu.

Kitako hatukuwamba, tukaweka mikanda ya raba na mito. Fundi hakupenda. Mama ana mgongo mbovu, kesi ikaisha.

## Meza, na ule ufa

Meza ya kahawa niliiona ndogo kwa hiyo sikuifikiria, na ndo ilinitia aibu.

Uso wa meza ulikuwa mbao za mninga zimeunganishwa upana wa sentimita 60, zimezungushiwa fremu ya mninga huohuo pande zote nne, gundi kila mahali. Kipima unyevu cha kuazima kilisoma asilimia 19. Nikaliona hilo namba. Fundi msaidizi akasema "mninga hauchezi bosi," maneno ambayo kila mtu Keko anayasema, na ni kweli kwa kiasi, mninga ni mtulivu kuliko mbao nyingi tunazotumia. Wiki zilikuwa zimebaki 2, mvua inanyesha kila siku, pa kukaushia hamna. Nikasema endelea.

Kutulia si kutocheza. Mbao ikikaa kwenye hewa yetu ya Dar inatulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hivi, hata uiache mwaka. Ukiipeleka kwenye chumba chenye kiyoyozi kutwa inashuka mpaka karibu na 10. Ikishuka inasinyaa upana, urefu haubadiliki karibu kabisa. Sasa uso unataka kusinyaa upana, na fremu iliyosimama upande wake wa urefu haitaki kwenda popote, wamegundishwa pamoja, lazima mmoja apasuke. Wiki 3 baada ya kupeleka mama akanitumia picha WhatsApp bila neno hata moja. Ufa wa milimita 3 katikati ya meza, umenyooka kama umepigwa rula, na sarafu ya shilingi 100 ameisimamisha ndani yake.

Tuliichukua, tukaipasua kwenye maungio, tukaiacha siku 12 ofisini kwenye kiyoyozi, tukaigundisha upya na safari hii uso umekaa ndani ya mfereji wa fremu bila gundi, umefungwa katikati tu, pembeni una nafasi ya kupumua. Tangu hapo imepita masika nyingine nzima na haijasema kitu.

## Matokeo

Tulipeleka siku 6 kabla ya mahari. Kochi lilipanda kwa lifti mizigo mitatu, kulifunga juu kulichukua dakika 40. Siku yenyewe sikuwepo bila shaka, lakini mama alinisimulia kwamba dada yake mkubwa alipoingia alikwenda moja kwa moja kwenye kochi, akapitisha mkono kwenye tendegu akauliza, "Hiki si kitanda cha bibi?" Akaambiwa hapana. Akasema, "Basi mtoto wake."

Babu wa upande wa bwana harusi akakalishwa kiti kimoja cha enzi bila mtu kuelekezwa. Hiyo ndo ilinifurahisha kuliko malipo, maana kiti kilifanya kazi yake ya zamani hata bila kibao cha miguu.

Kwa upande wa hela, faida tuliyokuwa tumeipanga ilikuwa milioni 1.7, tuliyoondoka nayo ni laki 4 na 10. Kochi la mlango lilikula sehemu kubwa, meza ikala, na siku za kuwamba mara mbili zikala. Tulipata oda mbili kutokana na wageni wa siku ile, zote za viti, hakuna aliyeulizia kochi.

Njumu 4 kati ya 28 ziling'oka ndani ya miezi miwili. Tulitumia supagluu kwa haraka, inashika papo hapo lakini ni kavu, mbao ikijisogeza kidogo inaachia. Tulizirudisha zote 28 kwa epoksi, bure.

## Kilichofanya kazi, na kisichofanya

Ukiangalia vitu vilivyofanikiwa vyote vinatoka sehemu moja: tuliuliza kitu cha zamani kinafanya nini, hatukuuliza kinafananaje. Samadari inafunguka, basi kochi lifunguke. Uzi wa mgongoni unapitisha hewa na kumshika mtu bila kumchoma, basi ubaki. Kiti cha enzi kinamtenga mgeni mmoja na wengine, basi mgongo wake uwe mrefu kuliko wa kochi. Mahali tulipouliza kinafananaje, ile nakshi ya mashine, tulipata mlango umelala. Sisemi nakshi haina mahali kwenye fenicha ya leo, kuna wanaoiweka vizuri sana, nasema kwetu sisi ilikuwa njia ya kukwepa kufikiri.

Tuligundua pia cha zamani si lazima kiwe na hekima ya kila kitu. Samadari na kiti cha enzi vilitengenezwa kwa nyumba zenye madirisha wazi na upepo wa bahari. Kiyoyozi ni mgeni ambaye wale mafundi hawakumjua, na karibu kila kilichoharibika kwenye hii oda, kamba, meza, njumu, kiliharibiwa na yeye. Ningekuwa naanza upya ningetumia wiki nzima ya kwanza kujua hewa ya ile sebule kabla ya kuchora mstari, na ningenunua kipima unyevu changu. Nimeshanunua sasa. Na kila mteja wa ghorofani namuuliza lifti kabla sijamuuliza rangi.

Kosa langu jingine ni la watu. Nilimweka fundi mkuu kama mtekelezaji wa mchoro wangu kwa wiki 3 za kwanza, na mtu mwenye jibu alikuwa amekaa mita 2 kutoka kwangu anakunywa chai. Hakuulizwa, na yeye kwa adabu zake hakujisukuma. Sasa hivi mteja akija nakaa naye pamoja na mzee, na mzee analipwa siku hiyo kama siku ya kazi, kwa sababu ni kazi.

Kabati la TV sijalisema kwa sababu halikuwahi kukaa sawa. Tulijaribu kulitengeneza kama sanduku la Kizanzibari lililorefushwa, vidroo vitatu chini na bamba za shaba kwenye kona, lakini sanduku ni kitu cha kufunga na kuficha, na TV inataka waya, matundu na mahali pa kisimbuzi. Mara ya pili tukafanya jepesi, likawa la kawaida tu. Mama alilirudisha akaomba kupunguziwa bei, tukampunguzia, akanunua la dukani. La kwanza bado liko karakana karibu na mashine ya kukereza, juu yake kuna makopo ya vanishi na redio ya fundi, na moja ya droo ndimo anamoweka majani yake ya chai.